Siku 29 kati ya jibu na kisu

Alipiga saa nane mchana, siku ya Jumanne. Hakunisalimu. "Jibu limetoka. Ni kansa," alisema, kwa sauti ileile ambayo angeitumia kuniambia kwamba basi limechelewa. Nami nikajibu papo hapo, kwa pumzi moja: "Usijali, utapona. Wewe ni mpambanaji, nakujua." Akanyamaza kidogo, akasema "haya," akakata simu.

Ile "haya" imenikaa masikioni mpaka leo. Kisa ninachokichambua hapa ni cha siku 29, tangu simu hiyo hadi asubuhi aliyoingizwa chumba cha upasuaji. Aliyepiga ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa shule, na kansa yenyewe ilikuwa ya titi. Siku ile alikuwa na miaka 43 na binti wa miaka 12. Ameisoma rasimu ya maandishi haya, akafuta aya mbili, na yaliyobaki amenipa ruhusa niyatoe. Kwa anayetaka kujua kwanza mwisho wake: yuko hai, amemaliza upasuaji, dawa za dripu na mionzi, na sasa kila siku anameza kidonge kimoja cha tamoksifeni, dawa ya kuizuia saratani isirudi. Atakimeza kwa miaka 5, pengine hata 10. Ila naandika kuhusu zile siku 29, kwa sababu ndizo nilizokosea sana, na kwa sababu ndani yake rafiki anaweza kuharibu au kutengeneza mengi kabla dawa yoyote haijaingia mwilini.

Nianze na hilo jibu langu. "Utapona" ni utabiri. Siku ile hakuna aliyekuwa na haki ya kutabiri, hata daktari wake, kwani kilichojulikana kilikuwa kimoja tu: kinyama kilichotolewa kwa sindano kilikuwa na seli za saratani. Aina yake, ukubwa wake kamili, kama imefika kwenye tezi za kwapani, yote hayo yalikuwa bado. Nilimjibu swali ambalo hakuniuliza. Na hilo neno "mpambanaji" lilimtwisha mzigo mwingine juu ya ule aliokuwa nao: kuanzia hapo, akilia mbele yangu ataona ameniangusha. Aliniambia baadaye kwamba alipokata simu alikwenda kukaa sakafuni bafuni saa nzima. Huko hakuna aliyemtaka awe jasiri.

Neno lililohitajika nalijua tangu utotoni. Pole. Halitabiri, halishauri, wala halimpi mtu kazi. Linakubali kwamba lililotokea limetokea na kwamba ni zito. Nilikuwa nalo mdomoni nikaliruka, maana lilionekana dogo mno kwa habari kubwa kama ile. Siku ya tatu nilipokwenda kwake nililisema mlangoni, peke yake, bila kuliongezea kitu. Ndipo alipolia kwa mara ya kwanza mbele ya mtu.

Salamu nazo zilimtesa, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. "Hujambo?" Ukijibu "sijambo" umesema huna jambo, naye alikuwa na jambo. "Habari za leo?" inadai "nzuri." Alisema: "Kila anayepiga simu ananisemesha uongo kabla hata hatujaanza kuzungumza." Tukakubaliana mimi nimsalimu kwa njia nyingine. Nilikuwa nauliza, "Leo ni siku gani?" Akijibu "ya maji," maana yake ongea chochote, cheka, nisimulie mambo ya watu. Akijibu "ya jiwe," nije nikae, nisiseme kitu. Kuna siku za jiwe tulizokaa saa mbili, yeye akikunja nguo na mimi nikikunja nguo, hadi kiza kikaingia.

Kosa langu kubwa lakini si lile neno la kwenye simu. Jioni ya Jumanne ileile nilikuwa nimevurugikiwa, nikawaandikia marafiki wetu wawili. Niliwaambia kwa nia njema: tumuombee, tujipange. Wale wawili nao walikuwa na marafiki zao. Kufika asubuhi ya Jumatano simu yake ilikuwa imejaa ujumbe kutoka kwa watu ambao hajaonana nao miaka mingi, na mama yake mzazi, mwanamke mtu mzima mwenye shinikizo la damu, alikuwa ameisikia habari kutoka kwa jirani. Rafiki yangu alikuwa amepanga kumweleza mama yake Jumamosi, wakiwa wamekaa pamoja, baada ya kumuuliza daktari maswali ambayo alijua mama angemuuliza. Nilimnyang'anya Jumamosi hiyo.

Nimelitazama kosa hili kwa pande nyingi. Mtu anayegunduliwa na saratani ya matiti anapoteza umiliki wa vitu vingi kwa haraka ya ajabu. Titi alilolificha maisha yake yote sasa linabonyezwa, linapigwa picha, linachorwa kalamu na watu asiowajua majina. Tarehe zake zinapangwa na wengine. Kilichobaki chake kabisa ni habari yenyewe: nani aambiwe, lini, kwa maneno gani, nani asiambiwe kamwe. Nilichokigawa bila idhini ndicho hicho kilichobaki.

Nilikwenda kuomba radhi, na hapo nikakosea tena, maana nililia sana hadi akaanza kunibembeleza yeye. Mwaka 2013, mwanasaikolojia wa Marekani Susan Silk na mwenzake Barry Goldman walieleza katika gazeti la Los Angeles Times namna ya kulikwepa jambo hili, na sijaona maelezo mepesi kuliko yao. Chora duara, katikati yake muweke mgonjwa. Duara linalofuata ni la mwenzi wake, mama, watoto. Linalofuata ni la marafiki wa karibu, kisha majirani na wafanyakazi wenzake, hivyo hivyo kwenda nje. Faraja ielekezwe ndani, kilio na malalamiko yaelekezwe nje. Silk aliyasema hayo akiwa yeye mwenyewe ameugua saratani ya matiti. Kwangu maana yake ilikuwa rahisi: nikitaka kulia, nimtafute mtu aliye mbali na kitanda cha mgonjwa kuliko mimi. Nilimpata dada yangu, asiyemjua sana rafiki yangu, na yeye ndiye aliyenibeba mwezi mzima.

Ripoti ya patholojia, yaani ya uchunguzi wa kile kinyama kwenye maabara, ilitoka siku ya tisa. Kabla ya hapo tulikuwa tumenunua daftari. Ukurasa wa kushoto yeye anaandika maswali nyumbani, ukurasa wa kulia mimi naandika majibu tukiwa kwa daktari. Alimwomba daktari ruhusa ya kurekodi kwa simu, akapewa. Wengi hudhani anayemsindikiza mgonjwa anakwenda kumpa moyo. Kazi yake hasa ni masikio. Rafiki yangu ni mhasibu, kichwa chake hakisahau tarakimu, lakini siku ile daktari aliongea dakika ishirini na yeye alitoka na sentensi moja tu: "imefika kwenye tezi." Mengine yote yalikuwa kwenye daftari, pamoja na yale mazuri aliyoyasikia bila kuyasikia.

Kwenye ripoti palikuwa na neno "daraja 2" na sehemu nyingine "hatua ya II." Usiku alinipigia akiwa na hofu, akidhani yanapingana au ugonjwa umehesabiwa mara mbili. Mimi pia nilikuwa nayachanganya. Hatua inaeleza ugonjwa umefika wapi: ukubwa wa uvimbe, tezi, viungo vya mbali. Daraja linaeleza seli zenyewe zinavyoonekana kwenye hadubini, zimeachana kiasi gani na seli za kawaida. Daraja 1 hukua taratibu zaidi, daraja 3 huwa na haraka. Uvimbe wake ulikuwa wa sentimita 2.4 na tezi moja ilikuwa na seli za saratani. Vipokezi vya homoni vilikuwepo kwa wingi, maana yake saratani ilikuwa ikitumia estrojeni kukua na hivyo ingeweza kuzuiwa kwa dawa kama tamoksifeni, ambayo ilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 1977. HER2, protini inayozichochea baadhi ya saratani za matiti, ilikuwa hasi, kwa hiyo trastuzumab, dawa inayoilenga protini hiyo na iliyobadilisha maisha ya wengi tangu 1998, haikuwa yake. Naandika hivi vyote kwa sababu wiki ile jirani mmoja alimletea kisa cha binamu yake aliyetibiwa kwa sindano fulani akapona, akamsihi aidai. Saratani ya matiti ni jina moja la magonjwa kadhaa. Dawa iliyomfaa binamu wa mtu inaweza isiwe na kazi yoyote kwake.

Kisha likaja suala la upasuaji, na hili lilinipima kuliko yote. Daktari alimweka mbele ya njia mbili: kutoa uvimbe na nyama inayouzunguka kisha mionzi, au kutoa titi lote. Mimi nilikuwa nimesoma. Nilijua kwamba madaktari wa upasuaji Bernard Fisher, huko Marekani, na Umberto Veronesi, kule Milano, Italia, waliwafuatilia wanawake kwa miaka 20, wakatoa matokeo mwaka 2002, na wote wawili wakakuta kwamba waliobaki na titi kisha wakapigwa mionzi waliishi sawa na walioondolewa titi zima. Nilitaka alibakishe. Niliona kulitoa ni hasara isiyo na faida, na nilikuwa na hoja.

Nilichofanya, na hapa nadhani nilipatia, ni kuuliza swali moja mbele yake ili alisikie jibu kwa daktari: "Kwa hali yake, kuna tofauti ya kuishi kati ya njia hizi?" Daktari akasema hapana, akaeleza vizuri: ugonjwa kurudi palepale kunawezekana zaidi kidogo kwa anayebakisha titi, lakini urefu wa maisha ni uleule. Nikafunga mdomo. Siku nne baadaye akaamua litolewe lote. Akanieleza bila mimi kumuuliza: "Najua ni sawa. Lakini nataka kulala usiku." Nilikuwa na majibu matatu ya hilo na niliyameza yote. Aliamua akiwa na taarifa sahihi, na mwili ni wake. Angekuwa anaamua kwa taarifa ya uongo, ningesema. Huo ndio mpaka niliojiwekea, na sijauona mwingine ulio bora.

Hapo katikati watu walimharakisha sana. "Mbona hawakukati leo?" Waliamini kila saa inayopita ugonjwa unasambaa. Ukweli ni kwamba kuchelewa kwa miezi kunadhuru, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Wiki mbili za kupata ripoti kamili na kuamua si kupoteza muda. Tena nafasi hiyo iliwahi kudaiwa kwa nguvu. Zamani mwanamke alilazwa kwa dawa ya usingizi asijue kama ataamka na titi au bila titi, kwa sababu kipimo na ukataji vilifanywa kwa pamoja. Rose Kushner, mwandishi wa habari wa Marekani aliyeugua mwaka 1974, alilipinga jambo hilo hadharani, na mwaka 1979 jopo la Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, yeye akiwemo, lilikubali kwamba kipimo kitangulie na mgonjwa apewe muda. Nilimsimulia rafiki yangu habari hii siku ya 14. Akasema, "Kwa hiyo hizi siku nimerithi." Tangu hapo aliyemharakisha hakumtetemesha.

Palikuwa na ushauri mwingine. Mtu wa karibu alimwambia sindano ya kuchukua kinyama ndiyo iliyoiamsha saratani, na kisu kikiigusa itatapakaa. Hili halina ukweli, na limewafukuza wanawake wengi hospitali hadi ikawa kuchelewa kweli. Hilo nililikanusha waziwazi, palepale, kwa upole ila bila kuzunguka. Chupa za dawa za majani zilipoletwa sikuzitupa. Tuliziandika kwenye daftari, yakawa maswali kwa daktari, kwani baadhi ya mimea huingiliana na dawa za saratani. Daktari alisema zote zingoje. Rafiki yangu mwenyewe ndiye aliyewaambia walioleta, kwa maneno yake.

Swali lililomrudia usiku wa manane lilikuwa: "Nilikosea wapi?" Alihesabu kila kitu, alichokula, alichovaa, hasira alizowahi kuziweka moyoni. Shirika la Afya Duniani linasema takribani nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake ambao hawana kihatarishi chochote kinachojulikana, isipokuwa jinsia yao na kuvuka miaka 40. Nilimsomea sentensi hiyo mara moja. Usiku uliofuata akauliza tena, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba hakuwa anataka takwimu. Nikasema, "Sioni ulipokosea, mwenzangu. Na nimekutazama miaka thelathini." Likamtosha kwa usiku ule.

Mtoto aliambiwa siku ya 16. Rafiki yangu alitaka niwepo ila nisiseme. Alitumia neno saratani lenyewe, kwa sababu binti angelisikia tu shuleni. Akamweleza kwamba haiambukizi, kwamba si kosa la mtu, na nani atakayempeleka na kumchukua shule siku ambazo mama hawezi. Hili la mwisho ndilo mtoto alilolihoji kwa kirefu. Kisha akauliza, "Na mimi nitaipata?" Mama akajibu, "Sijui. Nyingi hazirithiwi, lakini daktari atanipima damu tujue." Ni sawasawa: zinazotokana na jeni za kurithi, kama BRCA1 na BRCA2, ni kama asilimia 5 hadi 10. Hakumwahidi kitu. Mtoto alikwenda kulala mapema, na asubuhi akaleta swali la pili, kama nywele zitaanguka. Nadhani alirudi kuuliza kwa sababu jana yake hakudanganywa.

Kuhusu msaada wa mikono nitasema kwa ufupi. "Ukihitaji chochote niambie" ni sentensi inayomrudishia mgonjwa kazi: afikirie anachohitaji, amchague wa kumwomba, ameze aibu, aombe. Nikabadilisha: "Alhamisi namchukua binti shule, nakaa naye hadi saa kumi na mbili. Kama hupendi, andika hapana tu, usinieleze." Aliandika hapana mara tatu, na kila mara nilijibu "sawa" nikaishia hapo. Tulitafuta mashati yenye vifungo mbele, maana baada ya upasuaji mkono haunyanyuki kuvaa nguo ya kuingiza kichwani. Tulijifunza kuupima ujazo wa majimaji kwenye chupa ya mrija atakaotoka nao. Tulinunua kipimajoto, maana kwenye dawa za dripu joto la nyuzi 38 ni la kukimbilia hospitali usiku huohuo, si la kungoja kukuche. Kipimajoto hicho kilikuja kutumika mara moja, na kilitumika vizuri.

Kiswahili kina vitenzi viwili nilivyokuwa nikivichanganya: kuponya na kuuguza. Kuponya si kazi yangu, sina kisu wala dawa. Kuuguza kumetokana na kuugua, kama kulaza kulivyotokana na kulala. Anayemlaza mtoto hamlalii, anamtengenezea mahali pa kulala. Siku ya kwanza, nilipomwambia utapona, nilikuwa namkataza kuugua. Ilinichukua wiki tatu kumwachia nafasi ya kuugua kwa namna yake, kwa saa zake, kwa maneno yake, nami nikiwa pembeni na daftari.

Siku ya 29 tulifika hospitali saa kumi na mbili asubuhi. Daktari wa upasuaji alikuja, akamuuliza jina na upande, akachora mshale kwa kalamu nyeusi juu ya titi la kushoto. Alipoondoka, rafiki yangu aliuangalia ule mshale kwenye kioo muda mrefu. Sikusema kitu. Nilimuuliza tu leo ni siku gani. "Ya jiwe," akasema. Tukakaa.

Walipoleta kitanda cha magurudumu alivua miwani akanipa, kisha simu. Kwenye kioo cha simu palikuwa na ujumbe ameshauandika kwa watu kumi na wawili aliowachagua mwenyewe, bado haujatumwa. "Ninaingia sasa. Naomba msimuulize huyu aliye nami, wala msimpigie mama. Nikiamka nitawaambia mimi." Akaniambia nibonyeze akishapita mlangoni. Mlango ulipofunga, nikabonyeza.